Kondo la nyuma ni la mtoto

Kila habari mpya ya sayansi ya ujauzito inapoanza kusambaa simu hadi simu, maneno mawili huibuka. Wapo wanaosema mtoto aliye tumboni hubadilisha DNA ya mama yake, kwamba mwanamke akishazaa hawi tena mtu yule yule. Na wapo wanaowajibu kwa ukali kwamba hizo ni porojo, mtoto ni abiria tu, hubebwa na kulishwa mpaka siku yake ifike, na lolote linaloupata mwili wa mama limetoka kwa mama mwenyewe. Kauli ya kwanza si kweli. Ya pili nayo si kweli, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoumiza watu wengi zaidi, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mjamzito anayetapika mpaka kuishiwa nguvu aambiwe anadeka, na aliyepanda presha aulizwe amefanya nini.

Ukweli unataka kuelezwa taratibu, tuanze na maneno yenyewe.

Ndani ya seli za mwili kuna uzi mrefu sana wa kemikali uitwao DNA, au vinasaba, wenye maelekezo ya kuujenga mwili na kuuendesha. Kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini, ndicho jeni. Nyingi ya jeni tunazo nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Homoni ni ujumbe wa kemikali: kiungo kimoja huutoa, damu huubeba, kiungo kingine huupokea na kufuata ulichosema. Hapo ndipo penye siri ya makala hii, kwa sababu kiungo kinachopokea ujumbe hakiulizi nani ameutuma. Homoni iliyotengenezwa kwa jeni za mtoto ikishaingia katika damu ya mama, ini la mama, ubongo wake na mishipa yake huitii vile vile.

Sasa, mtoto mdogo hivyo anapata wapi mlango wa kutumia ujumbe?

Anaupata kwenye kondo la nyuma. Ukiwahi kumwona mkunga akilikagua baada ya kujifungua, utakuwa umeona kitu kama sahani nene ya nyama, uzito wake karibu nusu kilo. Upande mmoja ni mwekundu uliokolea, una mafungu mafungu. Huo ndio ulioshikamana na mji wa mimba. Upande wa pili unang'aa, laini, na mishipa imetawanyika kutoka pale kitovu kilipoungana nalo, kama mizizi ya mti inayoonekana juu ya ardhi. Mkunga huligeuza, hupapasa kingo, huhakikisha hakuna fungu lililobaki ndani. Wengi hudhani kiungo hicho ni cha mama kwa kuwa kimetoka kwake. Sehemu yake kubwa ni ya mtoto. Siku chache baada ya yai kurutubishwa, kile kitone cha seli hugawana kazi: za ndani zitakuwa mtoto, za nje zitakuwa kondo. Zote zimetoka katika yai lile lile, zina jeni zile zile, nusu ya mama na nusu ya baba. Mama huchangia utando wa upande wake tu.

Kwa hiyo kondo ni kiungo cha mtoto kilichopandwa ndani ya mtu mwingine. Ukilishika hilo vizuri, mengi yanayofuata hayatakushangaza.

Kipimo cha mkojo cha ujauzito ndicho ushahidi ulio karibu kabisa. Ile mistari miwili haimpimi mama. Hupima homoni iitwayo hCG, ambayo hutengenezwa na zile seli za nje za mtoto. Baada ya yai kutoka, hubaki kwenye ovari kifuko kidogo kinachotoa progesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba. Kwa kawaida kifuko hicho hudumu wiki mbili hivi, kisha hunyauka na hedhi huja. Mimba ikitunga, hCG hukiambia kisinyauke, na hedhi haiji. Jambo la kwanza kabisa ambalo mwanamke huliona katika mwili wake, kukosa siku zake, ni kazi ya jeni za mtu ambaye bado hajafikia ukubwa wa punje ya mchanga.

Tukifika kwenye kichefuchefu, hapo nataka kukaa kidogo. Karibu wanawake 7 katika kila 10 hukipata. Wachache, kwa kawaida wasiozidi 3 katika kila 100, hutapika kwa kiwango kinachotisha: hawabakizi hata maji, wanapungua uzito, wanalazwa na kutundikiwa dripu. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita wapo madaktari walioamini kwamba mwanamke wa namna hiyo, ndani ya nafsi yake, anaikataa mimba. Fikiria kuambiwa hivyo ukiwa umeinamia beseni kwa mara ya ishirini siku hiyo.

Mwaka 2018 utafiti wa vinasaba ulioongozwa na Marlena Fejzo wa Marekani, ambaye mwenyewe alipatwa na ugonjwa huo akapoteza mimba, uliielekeza shutuma kwingine: kwenye jeni iitwayo GDF15. Protini inayotokana na jeni hiyo huingia katika damu na kugusa sehemu ya chini ya ubongo, pale hasa panapoendesha kichefuchefu na kutapika. Mnamo Desemba 2023, yeye na kundi la Stephen O'Rahilly wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba wakati wa ujauzito GDF15 iliyo katika damu ya mama nyingi hutoka kwa mtoto, kupitia kondo.

Ila hapa watu huelewa nusu. Mateso ya mama hayategemei tu kiasi anachotuma mtoto; yanategemea pia mama alikuwa amezoea kiasi gani kabla. Chukua watu wawili wanaotoka nje saa saba mchana. Mmoja alikuwa barazani, mwingine alikuwa chumba chenye giza totoro. Jua ni lile lile, lakini wa pili hulazimika kuyafumba macho. Mwanamke ambaye damu yake siku zote ilikuwa na GDF15 kidogo ndiye aliyekuwa gizani, na mimba inapoipandisha ghafla, ubongo wake hushtuka kupita kiasi. Wanawake wenye thalasemia, ugonjwa wa damu ambao huiweka GDF15 juu muda wote, walipoulizwa walionekana kusumbuliwa na kichefuchefu cha mimba kwa nadra sana. Na kuna kisa kinachoifunga hoja hii. Baadhi ya wanawake wana hitilafu katika jeni ya GDF15 inayowafanya wawe nayo kidogo, na hiyo huwaweka katika hatari kubwa ya kutapika vibaya. Lakini mtoto akirithi hitilafu hiyo hiyo, naye hutuma kidogo, na mama huelekea kusalimika. Ni mama yule yule, ila jeni za mtoto ndizo zilizoamua ataumwa mimba ipi na atapona mimba ipi.

Ndiyo maana kumwambia mwanamke "mimba yako ya kwanza mbona hukuwa hivi" si hoja. Mtoto wa kwanza alikuwa mtu mwingine.

Hapo hapo huingia ule utabiri wa jinsia: ukitapika sana ni msichana, tumbo likichongoka ni mvulana. La tumbo halina msingi. Umbo la tumbo hutokana na misuli ya mama, mwili wake na jinsi mtoto alivyolala. La kutapika lina chembe ya ukweli, kwa sababu katika hesabu za wanawake wengi, waliolazwa kwa kutapika huelekea kidogo upande wa mimba za wasichana. Kidogo mno. Kwa mtu mmoja mmoja, ukitumia kipimo hicho kuchagua rangi ya nguo za mtoto, ni sawa na kurusha sarafu.

Sukari nitaipitia kwa haraka. Kondo hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitii vizuri insulini, ile homoni inayoifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye seli. Sukari hukaa zaidi katika damu, na mtoto hupata ya kukulia. Mmojawapo wa ujumbe huo ni aina ya homoni ya ukuaji ambayo jeni yake hufanya kazi kwenye kondo peke yake. Kongosho la mama hujibu kwa kuongeza insulini, hata mara mbili au tatu ya kawaida. Likishindwa kufikia hapo, huja kisukari cha mimba. Uzito, umri na urithi wa mama vina sehemu kubwa katika hilo, lakini anayesema "ulikula sukari nyingi mno" amesahau kwamba kuna aliyekuwa akiishikilia sukari hiyo kwa makusudi ya kukua.

Presha ya mimba ndiyo penye uzito wote, kwa maana inaua. Nazungumzia ile inayojitokeza baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, mara nyingi na protini kwenye mkojo, na ikiachwa huweza kufikia kifafa cha mimba. Ili uielewe, rudi mwanzoni mwa ujauzito. Mishipa ya mama inayolisha mji wa mimba ni myembamba, inajibana na kujiachia kama mishipa mingine. Seli za kondo, yaani seli za mtoto, huingia ndani ya mishipa hiyo, huondoa misuli iliyo ukutani na kuifanya iwe mipana, legevu, isiyoweza kujibana tena. Ni kama fundi aliyekuta bomba jembamba akalibadilisha kuwa mfereji. Kazi hiyo isipokamilika, kondo hukosa damu ya kutosha, na kondo lenye njaa hulalamika: hutupa katika damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, ambayo hunasa kemikali zinazoutunza ukuta wa ndani wa mishipa. Mishipa ya mwili mzima wa mama huanza kuharibika, ya figo, ya ini, ya ubongo. Mama anaumwa kichwa, anaona vimulimuli, uso unavimba. Chanzo kiko kwenye kondo.

Jeni ya mtoto inahusikaje? Uzi wa DNA umegawanyika katika mafungu yaitwayo kromosomu, na jeni ya sFlt-1 ipo kwenye kromosomu ya 13. Watoto wenye nakala tatu za kromosomu hiyo badala ya mbili huwaweka mama zao katika hatari kubwa zaidi ya presha hii. Na mwaka 2017 watafiti waliochunguza vinasaba vya watoto waliozaliwa katika mimba za namna hiyo, vya watoto wenyewe na si vya mama zao, walikuta tofauti ndogo karibu na jeni hiyo hiyo.

Ushahidi mwingine ni wa zamani zaidi. Ipo hali iitwayo mimba zabibu, ambapo yai lililopoteza jeni za mama hurutubishwa, na kinachokua kina jeni za baba tupu. Hakuna mtoto. Kuna kondo tu, limevimba vishada vishada kama zabibu. Mwanamke mwenye mimba hiyo anaweza kupata presha ya mimba hata kabla ya wiki ya 20. Hakuna mtoto tumboni na ugonjwa upo, kwa hiyo kinachoutia ugonjwa mwili wa mama ni kondo.

Kutoka hapo unaona kwa nini baba naye yumo. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta kwamba mwanamume ambaye mwenzi wake mmoja alipata presha ya mimba, akizaa na mwanamke mwingine, hatari ya huyo wa pili huwa karibu mara mbili. Mwaka 2001 ukafuata wa Utah, Marekani: wanaume ambao wao wenyewe walizaliwa katika mimba yenye tatizo hilo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mtoto katika mimba yenye tatizo lile lile. Mwanamume hapati presha ya mimba. Ila anaweza kubeba jeni za tatizo hilo tangu tumboni mwa mama yake na kuzipitisha kwa mtoto wake, na mtoto akazitumia kujenga kondo ndani ya mwanamke ambaye ukoo wake haukuwahi kuwa na tatizo hilo. Simtwishi baba lawama. Mimba ya kwanza, umri, uzito na afya ya mama vina nafasi yao. Nasema tu kwamba swali la mhudumu wa kliniki, "kwenu kuna mwenye historia ya presha ya mimba?", linapaswa kuulizwa pia upande wa mume, na wajawazito walitaje bila kungoja kuulizwa.

Kwa nini kondo lielekee sana upande wa baba? Mwaka 1984 makundi mawili ya watafiti, moja Uingereza na jingine Marekani, yalitengeneza mayai ya panya yenye jeni za upande mmoja tu. Yaliyokuwa na za mama pekee yalianza kumjenga mtoto lakini kondo likadhoofu. Yaliyokuwa na za baba pekee yalifanya kinyume: tishu za kondo zilistawi, mtoto hakuonekana kukua. Leo tunajua zipo jeni ambazo nakala ya baba ndiyo huwashwa na ya mama huzimwa, na nyingine kinyume chake, na nyingi za aina hiyo hufanya kazi kwenye kondo. Mwanabiolojia David Haig aliandika mwaka 1993 kwamba jeni za baba zina faida mtoto akivuta zaidi, na za mama zina faida akibakiziwa nguvu za kuzaa tena. Wengi wakaligeuza hilo kuwa "vita tumboni". Silipendi neno hilo. Jeni hazina chuki wala nia, na mimba nyingi huenda salama kwa sababu kamba inavutwa pande zote mbili kwa nguvu zinazolingana.

Visa adimu ndivyo vinavyoonyesha mambo kwa uwazi zaidi. Mwaka 1991 madaktari wa Japani walieleza habari za mjamzito aliyeanza kupata dalili za kiume mimba ikiendelea. Katika hali hii nywele huota mahali pa ndevu, chunusi hutoka, sauti huwa nzito. Tatizo lilikuwa kwa mtoto. Tezi za mtoto tumboni hutoa malighafi nyingi za homoni za kiume, na kondo, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho aromatesi, huzigeuza kuwa homoni za kike. Mtoto yule alirithi jeni mbovu ya aromatesi, kondo lake likashindwa kugeuza, na homoni zile zikamwagikia mama. Baada ya kujifungua, dalili zikaanza kurudi nyuma.

Kisa cha pili kina funzo la matibabu. Wapo watoto wanaorithi nakala mbili mbovu za jeni inayosaidia kuyachoma mafuta ya mnyororo mrefu. Mama ana nakala moja mbovu, hajui, haumwi. Akiwa na mimba ya mtoto huyo, miezi ya mwisho ini lake linaweza kujaa mafuta na kuanza kufeli: anatapika, anachoka, macho yanakuwa ya njano. Si kila ini la namna hiyo limetokana na mtoto, lakini madaktari wanaojua uhusiano huu hupima pia mtoto aliyezaliwa, kwani mtoto mwenye hitilafu hiyo akikaa muda mrefu bila kula anaweza kufa. Ugonjwa wa mama ndio unaopiga kengele ya mtoto.

Vipi kuhusu damu? Wengi huamini damu ya mama na ya mtoto ni moja. Sivyo. Kondo lina ukuta mwembamba: chakula, oksijeni na homoni hupita, damu zenyewe kwa kawaida hubaki kila moja upande wake. Tatizo huja ukuta ukivuja, hasa wakati wa kujifungua, kama mama ana kundi lenye hasi (Rh hasi) na mtoto amerithi chanya kwa baba. Kinga ya mama huiona damu ile kuwa ngeni, hujifunza kuishambulia, na kumbukumbu hiyo haifutiki. Mtoto wa kwanza kwa kawaida huwa ameshatoka salama. Anayefuata mwenye chanya ndiye hushambuliwa. Tangu mwaka 1968 kuna sindano ya anti-D ya kuzuia, ila inafaa ikichomwa kabla kinga haijajifunza, ikiwemo baada ya mimba kuharibika. Mwenye kundi hasi asikubali kuondoka kituoni bila kuiulizia.

Turudi sasa kwa waliosema mtoto hubadilisha DNA ya mama. Wameokota jambo la kweli wakalibeba vibaya. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya mtoto huelea katika damu ya mama, vikitoka kwenye kondo. Ndivyo vinavyowezesha leo kujua kundi la Rh la mtoto kwa kuchukua damu mkononi mwa mama, bila kuligusa tumbo. Vipande hivyo hutoweka muda mfupi baada ya kondo kutoka. Lakini seli nzima za mtoto nazo huvuka, chache sana, na hizi hazina haraka. Mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake walikuta seli za kiume katika damu ya mwanamke aliyekuwa amezaa mtoto wa kiume miaka 27 kabla. Baadaye seli kama hizo zimeonekana hata kwenye ubongo.

Huko ni kukaa, si kubadilisha. Mgeni akisahau kanzu yake sebuleni, hati ya nyumba haibadiliki jina. Seli za mama zinabaki na maelekezo yake aliyozaliwa nayo. Na zile chache za mtoto, aliyekwisha kuwa mtu mzima anayejitegemea, zinaendelea kuzunguka katika damu ya mama yake.